Refa wa Kutoka Embu

Ukitaka kujua watu wa Meru wanaamini nini kuhusu haki, usiwaulize Jumapili wakitoka kanisani. Nenda kwenye fainali ya mashindano ya wadi, ile mechi ambayo MCA ametoa mipira, jezi na mbuzi wa mshindi, kisha uulize refa ametoka wapi. Fainali nyingi nilizoona, refa alikuwa ametoka Embu. Alipanda matatu asubuhi, akapita Runyenjes, akavuka Thuci, akapita Chuka, akapita daraja la Nithi akiomba kimoyomoyo kama sisi wote, akateremka Makutano na filimbi mfukoni. Hajui mtu. Ndiyo sababu ameitwa.

Na Embu nako, fainali zao zikifika, wanatafuta refa wa Meru.

Niliwahi kumuuliza mwenyekiti wa kamati moja kwa nini wasimpe kazi refa wa hapa hapa. Wapo, na wamesomea. Mzee aliniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini chai inawekwa sukari. "Kijana, huyo wa hapa ana mjomba kwa kila timu," akasema. Hakuniambia kama yule wa Embu anaijua sheria ya kuotea. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Sifa yake kubwa kwenye CV ilikuwa kilomita.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeichukua methali hiyo tukaifanya mfumo mzima wa haki. Chifu anaweza kuwa mtu wa nyumbani, anayejua ng'ombe gani ni wa nani na shamba lipi lilinunuliwa mwaka gani. Lakini panda ngazi kidogo: naibu kamishna wa kaunti, mkubwa wa kituo cha polisi, hakimu wa mahakama ya pale juu. Hao wanaletwa kutoka mbali, na wakianza kuzoea wanahamishwa. Hakuna anayesema waziwazi, lakini maana yake inaeleweka: mtu akikujua hawezi kukuhukumu sawasawa. Ukaribu ni ugonjwa na umbali ndio dawa.

Mimi nataka kuuliza kama hiyo ni kweli. Si swali la mpira peke yake. Kuna mashamba yanaamuliwa hivi, kuna urithi, kuna kura.

Kuna mchezo mmoja uliolichukua swali hili kwa uzito kuliko michezo mingine yote, nao ni mchezo ambao huku kwetu karibu hatuuchezi: kriketi. Wengi wetu tuliijua kwa wiki chache tu mwaka 2003, Steve Tikolo na wenzake walipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia na watu ambao hawajawahi kushika gongo wakawa wataalamu kwenye kinyozi. Baadaye tukasahau. Lakini waamuzi wa kriketi wamebeba mzigo ambao refa wa fainali ya wadi angeutambua mara moja.

Tuchukue uamuzi mmoja tu. Mrushaji ametupa mpira, mpigaji amekosea, mpira umemgonga mguuni. Nyuma yake kuna vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi. Warushaji wanageuka, wanapiga kelele, wanamuuliza mwamuzi: vipi hiyo? Mwamuzi anatakiwa ajibu swali hili, pamoja na mengine madogo kuhusu mahali mpira ulipodundia: kama mguu haungekuwa pale, mpira ungeendelea ukaigonga wiketi?

Tulia hapo kidogo. Refa wa mpira wa miguu, hata akikosea, anahukumu kitu kilichotokea. Mkono uligusa mpira au haukugusa. Mwamuzi wa kriketi anahukumu kitu ambacho hakikutokea na hakitatokea kamwe. Mguu ulikuwepo. Mpira uliishia hapo. Safari anayoitolea hukumu imo kichwani mwake tu, na ana sekunde chache. Tena sheria inamwambia asifungue mdomo mpaka aulizwe. Hata kama ameona mpigaji ametoka, warushaji wasipodai, ananyamaza na mchezo unaendelea. Na desturi ya mchezo inamwambia kwamba penye shaka, amwachie mpigaji.

Sasa shaka ni kiasi gani? Hapo ndipo mjomba anapoingilia. Mwamuzi wa nyumbani hahitaji kuwa mwizi. Hahitaji bahasha. Anahitaji tu kuwa na moyo. Mpigaji wa nchi yake akigongwa mguuni, ile njia ya mpira kichwani mwake inapinda kidogo, inapita pembeni ya wiketi. Mgeni akigongwa pale pale, njia inanyooka. Naye atalala usingizi mzuri, kwa sababu kweli aliona hivyo. Mla rushwa anajua amefanya nini. Huyu hajui, na ndiyo maana ni vigumu kumzuia.

Kwa zaidi ya miaka mia moja kriketi iliishi na hali hiyo. Mechi za Test, zile za siku tano, zilichezeshwa na waamuzi wa nchi mwenyeji, na kila timu iliyosafiri ilirudi nyumbani na malalamiko. Pakistan, kwa mfano, ilichoka kuitwa wezi. Imran Khan, nahodha wao wakati ule, alikuwa mmoja wa waliosukuma wazo la waamuzi wasio na upande, na mwaka 1986 mjini Lahore, Pakistan ikicheza na West Indies, wakaletwa waamuzi wawili kutoka India, V. K. Ramaswamy na Piloo Reporter. India! Kwa Wapakistani! Ni kama Gor Mahia wamwombe refa AFC Leopards. Lakini mantiki ilikuwa safi: hakuna mtu angesema Mhindi anaipendelea Pakistan.

Mwaka uliofuata, Faisalabad, bila wageni, nahodha wa Uingereza Mike Gatting alisimama uso kwa uso na mwamuzi Mpakistani Shakoor Rana, vidole vimenyooka, wakitukanana mbele ya dunia nzima. Siku nzima ya mchezo ikapotea mpaka Gatting alipoandika msamaha kwenye kipande cha karatasi. Baada ya mambo kama hayo haikuwa ajabu kwamba mwaka 1994 ICC ilianza kuweka mwamuzi mmoja mgeni kwenye kila mechi ya Test, na mwaka 2002 ikawa wote wawili uwanjani ni wageni. Likaundwa jopo la waamuzi wa daraja la juu, watu wanaoishi kwenye ndege, leo Colombo, wiki ijayo Johannesburg, na mahali pekee walipokuwa hawafanyi kazi hiyo ni kwao. Refa wa kutoka Embu, lakini kwa pasipoti.

Mechi za siku moja hazikufika huko. Zilibaki na mwamuzi mmoja mgeni na mmoja mwenyeji. Ndiyo maana Mkenya kama Subhash Modi, aliyezaliwa Zanzibar na kuanza kuchezesha mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2001, alikuwa katika hali ambayo wenzake wa mechi za Test walikuwa wakiepushwa nayo: kusimama Nairobi, nchi yako inacheza, majirani zako wako kwenye viti, na mtu anakugeukia anapiga kelele, vipi hiyo? Huwa najaribu kumwazia mtu aliye pale. Upande wa pili wa uwanja amesimama mwenzake mgeni. Kanuni ni ile ile, mavazi yale yale. Lakini mgeni anaaminiwa kabla hajanyanyua kidole, na mwenyeji anashukiwa kabla hajanyanyua kidole. Hakuna kati yao aliyefanya chochote bado.

Na je, umbali ulileta haki? Uliondoa shaka ya aina moja, hilo nakubali. Makosa haukuyaondoa. Januari 2008, Sydney, Australia na India. Mwamuzi ni Steve Bucknor wa Jamaica, mwalimu wa zamani, mtu aliyesimama kwenye fainali tano za Kombe la Dunia. Mgeni kamili: hana mjomba Australia, hana mjomba India. Andrew Symonds wa Australia akiwa na mikimbio 30 akaugusa mpira kwa gongo, ukadakwa. Uwanja mzima ulisikia. Bucknor akasema hajatoka. Symonds akaendelea mpaka 162 bila kutolewa, na jioni akakiri mwenyewe kwamba aligusa. India wakashindwa mechi, wakaja juu, na Bucknor akaondolewa kwenye mechi iliyofuata ya Perth.

Angalia kilichotokea pale. Watu waliochukia hawakusema tu Bucknor amekosea. Walisema ana kitu na sisi. Umbali wake haukumsaidia hata kidogo. Tulimleta mgeni ili tusimshuku, na alipokosea tukamtungia ukoo.

Halafu kuna upande mwingine wa umbali ambao hatupendi kuuongelea, nao unatuhusu Wakenya. Aden Marwa alikuwa mwamuzi msaidizi wa mpira wa miguu, mwalimu wa sekondari kutoka Migori, mmoja wa waamuzi wetu walioheshimiwa zaidi Afrika. (Sijui kwa nini walimu wanapenda sana filimbi. Bucknor alikuwa mwalimu. Peter Waweru, refa wetu wa AFCON, anafundisha hesabu JKUAT. Labda ni kuzoea kuchukiwa na vijana thelathini kwa wakati mmoja.) Marwa alikuwa amechaguliwa kwenda Kombe la Dunia la Urusi mwaka 2018. Siku chache kabla ya mashindano, video ya siri ya timu ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ikarushwa na BBC. Marwa alionekana akipokea dola 600 kutoka kwa mtu aliyejifanya mdau wa soka. Kama elfu sitini za Kenya wakati ule. Safari ya Urusi ikaishia hapo.

Mtaani watu walibishana kuhusu kiasi. Elfu sitini tu! Mimi kilichonishika ni kitu kingine. Marwa alikuwa refa wa kutoka Embu kwa kila mtu. Kazi yake ilikuwa kwenda mahali asipojulikana. Na mtego ulikuja kwa sura inayomfuata mtu asiye na mtu: rafiki mpya, zawadi ndogo. Tunadhani rushwa ni tabia ya watu wanaojuana, mambo ya ukoo na kijiji. Lakini bahasha inahitaji upweke. Ni vigumu zaidi kumpa refa wa hapa bahasha hotelini Makutano, kwa sababu mhudumu wa hoteli ni binamu yake na kufikia saa kumi habari imefika sokoni. Ukaribu una masikio.

Kwa hiyo umbali unakata ule uzi mmoja, wa mapenzi, na unakata pia ule mwingine, wa aibu. Ukimleta mtu asiye na mjomba umeleta mtu ambaye hakuna mtu atakayemwambia mama yake.

Hapa ndipo Wameru wa zamani waliwaza tofauti na kamati ya mashindano ya wadi. Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo nyumba yake iko Nchiru, Tigania, halikutafuta waamuzi wageni. Lilitafuta watu wanaojulikana sana, kiasi cha kutoweza kujificha. Mzee anaingia kwa hatua, anakula kiapo, na kuanzia siku hiyo macho ya watu yako juu yake. Kesi haiamuliwi na mzee mmoja, wanakaa jopo. Kinachotolewa kwa wazee, mbuzi au chochote kilichoagizwa, kwa desturi kinatolewa na pande zote mbili, wazi, kabla ya maneno kuanza. Na pale ushahidi unapoisha, neno la huyu dhidi ya neno la yule, kuna kiapo cha nthenge: beberu anachinjwa, mtu anaapa, na anayeapa uongo anajiletea balaa yeye na nyumba yake. Kiapo hicho hakijabaki kwenye hadithi za babu. Kimetajwa mpaka kwenye hukumu za mahakama za Kenya kuhusu mashamba ya Meru.

Embu pia wana baraza lao, Nyangi Ndiriri, kwa hiyo hakuna upande wa Thuci unaoweza kujidai peke yake.

Mimi sishangazwi na balaa. Nashangazwa na mbuzi. Fikiria tofauti ya mbuzi huyo na zile dola 600. Vyote viwili ni kitu anachopewa mwamuzi na mtu anayehusika na mchezo. Kama tatizo ni kupokea, wazee wote wangekuwa wafungwa. Lakini mbuzi ametolewa na wote wawili na kila mtu amemwona, mpaka watoto wameuona moshi. Dola zilitolewa na mmoja, chumbani. Nadhani tunakosea tunapofundishwa kwamba mwamuzi safi ni yule asiyepokea kitu kwa mtu yeyote. Mtu wa namna hiyo hayupo, kila mtu anakula mahali. Swali ni nani anaona anavyokula.

Ningependa sana kuishia hapo, niseme turudi kwa wazee, tumwache yule jamaa wa Embu apumzike na nauli yake. Lakini kuna mtu ambaye siwezi kumtazama usoni nikisema hivyo.

Mjane. Huyo yupo kila kijiji, sihitaji kumtaja. Mume amekufa, shamba la chai au la miraa liko kwa jina la marehemu baba mkwe, na shemeji amesema wewe uliolewa hapa, hukuzaliwa hapa. Kesi inaenda kwa wazee. Njuri ni baraza la wanaume. Kila mmoja wao anamjua, hilo ni kweli. Wanamjua kama mke wa fulani. Shemeji wanamjua kwa jina lake, kwa rika lake, kwa bia walizokunywa. Hakuna aliyehongwa. Hakuna haja. Ile njia ya mpira kichwani mwao imeshapinda kabla hajafungua mdomo. Na yote yanafanyika mchana, wazi, mbuzi ameliwa na wote.

Kwa mama huyu, hakimu aliyetoka Kisumu, asiyejua hata kusema habari za asubuhi kwa Kimeru, ni mtu wa kwanza kumwita kwa jina lake mwenyewe. Anafungua sheria ya urithi, anasoma mjane ana haki gani, na hajali shemeji ni rika gani. Ugeni wake ndio unaomwezesha kuona mtu pale ambapo wenyeji wanaona uhusiano. Katiba ya 2010 inaonekana ilimfikiria mama huyu: kifungu cha 159 kinataka njia za jadi za kusuluhisha migogoro ziendelezwe, halafu papo hapo kinazikataza kukiuka haki za msingi. Ni kama wanasema, wenyeji wahukumu, lakini mgeni akae karibu.

Nakubali kwa hiyo kwamba umbali una kazi yake. Una kazi pale ambapo wenyeji wote wameshakubaliana kuhusu mtu mmoja ambaye hayuko kwenye jopo. Kukiwa na watu wawili wenye nguvu sawa, timu ya soko la juu na timu ya soko la chini, sioni mgeni anatuponya nini.

Kriketi yenyewe ilijibiwa swali hili bila kupanga. Mwaka 2020 korona ilifunga viwanja vya ndege. Waamuzi wale wa pasipoti hawakuweza kusafiri, na ICC ikaruhusu tena waamuzi wa nyumbani kwenye mechi za Test. Ungetarajia vidole vinyooke kama Faisalabad. Malalamiko yalikuwepo, kwani yalikosekana lini, lakini mchezo haukuvunjika. Kilichokuwa kimebadilika si mioyo ya waamuzi. Kulikuwa na kamera. Baada ya majaribio ya mwaka 2008 ya India na Sri Lanka, mchezaji anaweza kukata rufaa papo hapo: mchoro unaonyesha mpira ungepita wapi, ule mpira ambao haukupita, na watu wote wanaangalia pamoja. Kwa sababu ya waamuzi wa nyumbani, kila timu iliongezewa rufaa moja kwa kila zamu. Yaani walisema: sawa, mwamuzi ni wa hapa, basi tumwangalie zaidi. Walipunguza umbali, wakaongeza macho. Wazee wa Nchiru wangewaelewa.

Kinoru hakuna mchoro wa njia ya mpira. Kule wadi zetu hata mstari wa pembeni unachorwa na majivu na mvua ikinyesha unapotea. Mtu ataniambia kamera ni simu, na kila kijana pale ana simu. Ni kweli, na nimeziona hizo video. Zinaanza sekunde moja baada ya rafu na zinaisha kabla ya filimbi, na zinawekwa kwenye grupu la WhatsApp la upande mmoja. Hayo ni macho, lakini ni macho yenye mjomba.

Na kuna jambo ambalo mwenyekiti yule hakusema lakini nadhani alikuwa akiliwaza: woga. Mechi ikiisha vibaya, refa wa Embu anakimbilia matatu ya saa kumi na moja. Refa wa hapa analala hapa. Watoto wake wanasoma na watoto wa waliofungwa. Waamuzi wanapigwa nchini kwetu, si siri, na woga unapinda njia ya mpira kama mapenzi yanavyoipinda. Ukiniambia tumtumie mwenyeji, lazima uniambie pia nani atamsindikiza nyumbani.

Jibu langu ni kwamba tumezoea kumwacha peke yake. Kriketi ina waamuzi wawili uwanjani na wa tatu kwenye televisheni. Wazee wanakaa jopo. Fainali ya wadi ina mtu mmoja na filimbi, na washika bendera wawili waliookotwa kwenye umati dakika tano kabla, mmoja amevaa sandali. Halafu tunashangaa akiogopa.

Na swali la mwisho, ambalo tumelipita tukiangalia ramani: nani amemlipa? Nauli yake, chakula chake, ile elfu moja ya mwisho wa siku, vyote vimetoka kwa msaidizi wa MCA, pembeni ya gari, baada ya mechi. MCA anatoka soko la juu. Kilomita zote zile kutoka Embu, halafu analipwa na upande mmoja, pembeni.

Mwaka huu, kama kamati itanisikiliza, nitapendekeza hivi. Refa awe wa hapa, na wasaidizi wawili waliosomea, mmoja kutoka kila soko. Kila timu ilete pesa yake, nusu kwa nusu. Zihesabiwe katikati ya uwanja kabla ya sarafu kurushwa, kwa kipaza sauti, na mama anayeuza njugu pale karibu na goli ndiye azishike mpaka filimbi ya mwisho. Mwenyekiti ameshaniuliza kwa nini mama wa njugu. Nimemwambia hana timu, anaishi hapa, na yeye ndiye mtu pekee pale ambaye tunamjua sote kwa jina lake mwenyewe. Amesema atafikiria. Kisha akaniuliza kama nina namba ya yule jamaa wa Embu, just in case.